Je, dawa za akili huzuia au huharakisha kuvunjwa kwa neuropeptidi za ubongo?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kisumu: "Daktari, habari ya kazi. Mdogo wangu ana miaka 27 na anatibiwa skizofrenia. Alianza na vidonge vya haloperidoli, sasa anadungwa Modecate kila mwezi. Sauti alizokuwa akisikia zimekwisha, analala vizuri, lakini amekakamaa. Anatembea bila kurusha mikono, uso hauchangamki, na mate humtoka akilala. Mimi nasomea teknolojia ya maabara, mwaka wa pili. Nilipata makala inayosema dawa hizi hubadilisha namna neuropeptidi zinavyovunjwa kwenye ubongo. Je, zinazuia au zinaharakisha? Ndicho kilichomfanya hivi? Jirani anatushauri tuache sindano tumnunulie unga wa peptidi, na bei yake si mchezo. Tena, kuna maabara hapa Kisumu inayoweza kumpima hizo neuropeptidi?"

Dada, nianze na yasiyoweza kungoja. Sindano isikatishwe. Kukakamaa kwa mdogo wako kuna sababu inayojulikana vizuri na kunarekebishika. Mrudisheni kliniki wiki hii, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Unga huo, pesa zenu zibaki mfukoni. Na ikitokea siku amekakamaa mwili mzima, ana homa kali, jasho linamtiririka na haelewi alipo, msipoteze muda kuuliza mtu yeyote. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, maana hali hiyo huua.

Sasa tuje kwenye makala yako. Umeuliza kama dawa zinazuia au zinaharakisha. Jibu la kweli ni kwamba inategemea peptidi ipi, sehemu gani ya ubongo, na dawa imetumiwa kwa muda gani. Najua jibu kama hilo huudhi, lakini kwa kuwa unasomea maabara nitakuonyesha linatoka wapi.

Neuropeptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli za neva hutumia kupelekeana habari. Enkefalini ina asidi amino 5 tu, oksitosini ina 9, dutu P ina 11, neurotensini ina 13. Hazikugunduliwa siku moja. Dutu P ilipatikana mwaka 1931, von Euler na Gaddum wakifanya kazi London. Neurotensini ilitolewa kwenye ubongo wa ng'ombe na Carraway na Leeman mwaka 1973, na enkefalini kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1975, kazi ya Hughes na Kosterlitz huko Aberdeen, Uskoti.

Zinatofautiana na dopamini, kemikali nyingine ambayo neva hupelekeana habari kwayo, katika kile kinachozipata baada ya kutolewa nje ya neva. Dopamini hunyonywa tena na neva ile ile iliyoitoa, ikatumika upya. Peptidi hainyonywi namna hiyo. Ikishatoka, huzunguka hapo nje mpaka ikutane na kipokezi chake (sehemu ya seli inayopokea ujumbe), au ikutane na kimeng'enya kitakachoikata. Vimeng'enya hivyo huitwa peptidesi, na vingi vyavyo vimekaa kwenye utando wa seli, sehemu inayokata ikiwa upande wa nje. Ndiyo maana ujumbe wa peptidi huishi kwa kadiri peptidesi za jirani zinavyouruhusu, na mara nyingi ni muda mfupi sana.

Tuitazame enkefalini kwa karibu, ile inayomalizika na methionini. Mpangilio wake ni tirosini, glisini, glisini, fenilalanini, methionini. Aminopeptidesi N huanzia kichwani na kuondoa tirosini. Kipokezi cha opioidi (vitu vya jamii ya mofini) huitambua enkefalini kwa tirosini hiyo, kwa hiyo ikishaondoka, asidi amino 4 zilizobaki hazina kazi tena pale. Neprilisini hukata katikati, baina ya glisini ya pili na fenilalanini, na ACE, kile kimeng'enya mnachofundishwa kwenye somo la presha, kinaweza kukata pale pale. Kipande cha mbele chenye asidi amino 3 kinachobaki baada ya mkato huo kimewahi kutumiwa na watafiti kama kipimo: ukikikuta kwa wingi nje ya seli, ujue enkefalini nyingi imetolewa na kukatwa. Neurotensini nayo, sehemu yake inayofanya kazi ni mkia, kuanzia asidi amino ya 8 hadi ya 13. Kuna kimeng'enya kinachokata kati ya 8 na 9, kingine kati ya 10 na 11, na neprilisini hukata kati ya 10 na 11 na pia kati ya 11 na 12. Mkato wowote kati ya hiyo huangukia ndani ya mkia.

Kukatwa, hata hivyo, si kufa kila mara. Kipande kinachobaki huweza kuwa na kazi yake mwenyewe, na hapa saikiatria, yaani tiba ya magonjwa ya akili, iliwahi kupata tumaini kubwa. Beta-endofini ina asidi amino 31. Ikikatwa kwenye nafasi ya 17 unapata gama-endofini, na ukiondoa tirosini ya kwanza unabaki na kipande kisichofanya kazi ya opioidi hata kidogo. David de Wied na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, waliona kwamba kwa panya kipande hicho kilifanana kwa kiasi fulani na haloperidoli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikajaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia. Matokeo ya kwanza yalitia moyo, majaribio yaliyofuata yakavunja moyo, na hakikuwahi kuwa dawa. Nakusimulia haya ili ukisoma mahali kwamba peptidi fulani "inavunjwa zaidi" usikimbilie kusema inapotea. Uliza kwanza imekatwa wapi na kilichobaki ni nini.

Dawa zenyewe zinaingia wapi? Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, mikononi mwa Delay na Deniker. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Hizi zote, pamoja na flufenazini iliyo ndani ya sindano ya mdogo wako, huziba vipokezi vya dopamini vya aina ya D2. Hazikuundwa kugusa peptidesi. Zipo dawa zilizoundwa kwa kazi hiyo, na bila shaka moja iko nyumbani kwa jirani yenu: enalaprili ya presha huziba ACE. Wanaoitumia, baadhi yao hupata kikohozi kikavu kisichoisha, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba bradikinini, peptidi nyingine, na dutu P, ambazo ACE ingezikata, hurundikana kwenye njia ya hewa. Sakubitrili ya moyo huziba neprilisini. Sitagliptini ya kisukari huziba kimeng'enya kinachovunja GLP-1, homoni ya utumbo. Hayo ndiyo matumizi halisi ya kuzuia kuvunjwa kwa peptidi, na hayapatikani kwenye kabati la dawa za akili. Mabadiliko ya peptidesi ambayo makala yako inayazungumzia ni mwitikio wa ubongo wenyewe baada ya D2 kuzibwa kwa siku au wiki nyingi: seli inabadilisha inachotengeneza na inachoweka juu ya utando wake.

Ushahidi mwingi ni wa panya. Kwenye striatamu, eneo la ndani ya ubongo linaloratibu mwendo, kuna makundi mawili makubwa ya seli. Kundi moja lina vipokezi vya D2 na hutengeneza enkefalini. La pili lina vipokezi vya D1 na hutengeneza dutu P na dinofini. Panya akipewa haloperidoli kwa wiki kadhaa, enkefalini ya striatamu hupanda, neurotensini hupanda, na dutu P huelekea kushuka. Hayo yamerudiwa na maabara nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtu anayesoma haraka atasema: tazama, dawa imezuia enkefalini isivunjwe.

Hapo ndipo makosa huanzia, na nyinyi wa Kisumu mnayajua makosa ya aina hiyo. Ziwa lilipofura mwaka 2020 na maji kuingia Dunga, wako waliosema ni mvua, na wako waliosema Uganda wamebana maji kwenye bwawa la Jinja. Kijiti cha kupimia kina cha maji ufukweni hakiwezi kuamua ugomvi huo. Lazima upime yanayoingia kutoka mitoni na angani, kisha upime yanayotoka. Enkefalini iliyopanda nayo huenda inatengenezwa zaidi, huenda imehifadhiwa ndani ya neva bila kutolewa, au huenda inakatwa polepole. Upande wa kuingia umeshapimwa: ujumbe wa kijeni unaoagiza kutengenezwa kwa enkefalini huongezeka D2 ikizibwa, na wa neurotensini vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na utengenezaji. Uvunjaji upo, lakini kwa maoni yangu unakuja nyuma yake.

Kuupima uvunjaji wenyewe kunahitaji ustadi ambao mwanafunzi wa maabara atauthamini. Njia ya zamani ilikuwa kusaga ubongo, kuweka peptidi kwenye rojo hilo na kusubiri. Shida yake ni kwamba ukisaga seli unafungulia pia vimeng'enya vilivyokuwa ndani, ambavyo kwa kawaida havikutani na peptidi iliyo nje. Kuna kimeng'enya kiitwacho prolili oligopeptidesi ambacho makazi yake makubwa ni ndani ya seli, na kwenye rojo hukata peptidi nyingi kwa raha zake. Unaweza kuandika ripoti nzima juu ya mkato ambao ndani ya kichwa cha mnyama aliye hai haukutokea. Katika miaka ya 1990 kundi la Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, lilifanya vizuri zaidi. Walikata vipande vyembamba vya maeneo mbalimbali ya ubongo wa panya, seli zikiwa bado nzima, wakaweka peptidi nje yake, kisha wakapima inavyopungua na vipande gani vinajitokeza. Haloperidoli ilibadilisha uvunjaji, ndiyo, lakini kwa namna tofauti kulingana na eneo na kulingana na peptidi. Apomofini, ambayo huamsha vipokezi ambavyo haloperidoli huviziba, nayo ilikuja na sura yake. Ukisoma kazi hizo kwa makini utaona kwamba sentensi moja ya "dawa za akili huzuia uvunjaji" haiwezi kuzibeba. Mwandishi wa makala yako, kama aliandika hivyo, alikata kona.

Kwa binadamu, peptidi iliyofuatiliwa zaidi ni neurotensini. Mwaka 1980 Nemeroff alipendekeza kwamba ni kama dawa ya saikosisi (hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) ambayo mwili unajitengenezea, kwa sababu ikiwekwa ndani ya ubongo wa panya hufanya mambo yanayofanana na ya dawa hizi. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia wasiokuwa kwenye dawa wana neurotensini kidogo kwenye maji ya uti wa mgongo, na wakitibiwa hupanda. Wazo zuri, ila halijatupa kidonge. Mwaka 2004 yalichapishwa majaribio ya Meltzer na wenzake, ambamo dawa mojawapo iliyojaribiwa ilikuwa inaziba kipokezi cha neurotensini, na haikushinda kidonge cha bandia. Tafiti za ubongo wa marehemu nazo zina kikwazo chake: karibu kila aliyefariki akiwa na skizofrenia alitumia dawa kwa miaka, kwa hiyo ukikuta tofauti hujui uilaumu dawa au ugonjwa.

Kuna jambo moja kutoka kwa panya ambalo linagusa swali lako la kukakamaa. Haloperidoli hupandisha neurotensini katika maeneo mawili: sehemu ya striatamu inayohusika na mwendo, na nyukliasi akambensi, inayohusika na hamu na thamani tunayoyapa mambo. Klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, huipandisha kwenye nyukliasi akambensi peke yake. Na klozapini haikakamazi watu kama haloperidoli. Inavutia kusema kwamba neurotensini ya sehemu ya mwendo ndiyo mkosaji. Mimi naiona zaidi kama alama kwamba dawa imefika pale, kwa sababu kukakamaa kunaelezeka vizuri bila peptidi yoyote.

Maelezo yenyewe ni haya. Kwa skani zinazoonyesha vipokezi, Kapur na wenzake huko Toronto walionyesha mwaka 2000 kwamba kwa wagonjwa waliopewa haloperidoli, nafuu ilionekana zaidi D2 zilipozibwa kupita asilimia 65, prolaktini (homoni ya maziwa) ilipanda kupita asilimia 72, na kukakamaa na kutotulia kulijitokeza kupita asilimia 78. Nafasi kati ya kupona na kukakamaa ni nyembamba. Mdogo wako, kwa dalili ulizonipa, amepita juu ya nafasi hiyo. Mikono isiyorushwa, uso mkavu na mate usingizini ni picha inayofanana na ya ugonjwa wa Parkinson, na daktari wenu ataitambua kabla hajakaa kwenye kiti.

Daktari ana mambo matatu ya kuchagua. Anaweza kupunguza kipimo cha sindano au kuipa nafasi ndefu zaidi. Anaweza kuongeza benzheksoli, ambayo wengi wenu mnaijua kama Artane. Au anaweza kumhamishia kwenye dawa nyingine isiyokakamaza sana. Mimi ningependelea aanze na kipimo, maana kuongeza kidonge cha kutibu madhara ya kidonge kingine ni tabia ambayo kliniki zetu zimeizoea mno. Benzheksoli hukausha mdomo, hufunga choo, husumbua kumbukumbu, na mtaani inatafutwa kwa ulevi, kwa hiyo ikitolewa iwekwe mahali salama. Tena haisaidii ile hali ya kutafunatafuna na kutoa ulimi inayokuja baada ya miaka ya dawa, na huweza kuizidisha. Mkiona midomo inacheza yenyewe, semeni mapema.

Kuhusu ushauri wa kuacha sindano, kuna mtego ambao nimeona familia nyingi zikiingia, na hauwahusu wajinga tu. Flufenazini ya Modecate imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta. Ikidungwa kwenye msuli hukaa pale ikitoka kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ukikosa sindano moja, dawa mwilini inashuka taratibu. Kukakamaa kunapungua kwanza, kwa sababu kunahitaji kiwango cha juu zaidi, na sauti bado hazijarudi. Kijana anachangamka, anacheka, anakula mezani na wenzake. Nyumba nzima inasema, unaona, dawa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Kama katikati ya wiki hizo alikuwa anakunywa unga wa peptidi, sifa zote zinauendea unga. Kisha, wiki au miezi baadaye, anaanza kutolala, anaongea na ukuta, na hakuna anayeihusisha hali hiyo na sindano ya mwezi ule. Kile kipindi kizuri cha katikati kinawaambia jambo la kweli, kwamba kipimo chake kilikuwa kikubwa kuliko alichohitaji. Mpeni daktari habari hiyo hiyo, kwa njia isiyomgharimu kijana ugonjwa kurudi.

Unga wenyewe sina mengi ya kuusemea. Peptidi ikimezwa hukutana na pepsini tumboni, halafu na vimeng'enya vya kongosho, halafu na utando wa utumbo mwembamba ambao umejaa aminopeptidesi N na neprilisini, vile vile viwili tulivyoviona vikikata enkefalini. Kinachoingia kwenye damu ni asidi amino na vipande vifupi mno, sawa na vya omena au maharagwe. Na hata kama peptidi nzima ingeponyoka, kizuizi kati ya damu na ubongo hakiipitishi kirahisi. Mnunulieni omena.

Na kipimo? Hakuna kipimo cha neuropeptidi za damu kitakachomsaidia mdogo wako, Kisumu wala Nairobi. Damu ina ACE na aminopeptidesi zake, hivyo peptidi huendelea kukatwa ndani ya chupa ukiwa bado unaandika lebo. Watafiti huweka vizuizi vya vimeng'enya ndani ya chupa, hupoza sampuli kwenye barafu papo hapo na kuizungusha kwenye sentrifugi iliyopozwa. Hata ukifanya yote hayo, nyingi ya peptidi utakazozikuta zimetoka utumboni, kwenye tezi na kwenye neva za mwili, wala hazikuelezi chochote kuhusu striatamu. Ukitaka namba inayosomeka, ombeni prolaktini. Inapanda D2 za tezi ya pituitari zinapozibwa, sampuli yake ni ya kawaida, na maabara kubwa za mjini huipima. Kabla ya hapo mwulizeni mwenyewe, kwa faragha na ikiwezekana na mwanamume mwenzake, kama matiti yamevimba au kama nguvu za kiume zimepungua. Vijana wengi huacha sindano kwa sababu hiyo na hawaisemi kliniki, kwa kuwa dada yao amekaa pembeni.